Mtandio wa mtumba wa 2,000 unatulia kichwani kutwa, mpya wa dukani unateleza. Kwa nini?

#1 BintiMakorora
Habari za jioni wanajamvi. Nina jambo linanisumbua na najua humu kuna mafundi, wauza nguo na watu wanaovijua vitambaa.

Mimi ni mtu wa mitandio na skafu. Nguo zangu za kazini ni za kawaida: gauni jeusi, gauni la bluu bahari, sketi mbili, basi. Kinachobadilisha siku ni kitambaa. Leo kichwani, kesho shingoni, keshokutwa nimekifunga kwenye mpini wa mkoba. Kwa mshahara wa mtu wa kaunta sijaona pambo linalolipa kuliko hili. Gauni moja la maana ni 45,000 na watu wakishaliona mara mbili wamelizoea. Skafu ya 2,000 inalifanya gauni lilelile lionekane jipya.

Sasa swali. Nina mtandio wa mtumba wa pale Tangamano, nilinunua 2,000, na umepauka kidogo. Nikijitanda saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni uko palepale bila pini hata moja. Ninao mwingine mpya, shifoni, rangi ya damu ya mzee, mzuri mno, nimeununua Kariakoo kwa 8,000. Huo ikifika saa nne asubuhi uko mabegani. Naupandisha, unashuka, mteja ananisubiri.

Nikiuliza naambiwa "mtumba wa Ulaya ni imara". Hilo halinitoshi. Nguo kuwa imara na nguo kutulia kichwani ni mambo mawili tofauti. Nani anaijua sababu?

#2 MamaWawili
Shifoni hiyo dada. Vaa kofia ya ndani ya pamba halafu urudi hapa utushukuru.

#3 Koplo Mstaafu
Naweka kiti nisubiri mafundi. Mke wangu anauvuta mtandio kutwa kama mtu anayetafuta chaneli kwa antena.

#4 FundiMwenge
Nashona mwaka wa ishirini na kitu sasa, nitajibu kifundi.

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za kusimama na nyuzi za kulala. Ukikivuta kufuata uzi hakinyumbuki. Ukikivuta kwa mshazari, yaani kona kwa kona, kinanyumbuka na kurudi. Kinachonyumbuka na kurudi ndicho kinachoshika kichwa.

Skafu nyingi za mtumba kutoka Ulaya ni za mraba. Ukikunja mraba pembetatu, ule ukingo unaokaa kwenye paji la uso ni mshazari mtupu, unabana kwa upole bila kukuumiza. Mitandio mipya ya dukani mingi ni mstatili, mita moja na themanini hivi kwa sentimita sabini. Huo unaulaza kichwani kwa kufuata uzi. Haubani kitu, umekaa tu, na chochote kilichokaa tu kitateleza.

Bibie, huo wa 2,000 ni mraba au mstatili?

#5 BintiMakorora
@FundiMwenge ni mraba! Nimepima sasa hivi kwa futi, sentimita 90 kwa 90.

#6 FundiMwenge
Basi jibu umelipata. 90 kwa 90 ndicho kipimo cha skafu za hariri za Ufaransa, Hermès, wale wa mitindo wa Paris, wametoa yao tangu 1937 na dunia nzima ikafuata. Ukikunja pembetatu, ule upande mrefu unakupa kama sentimita 127, unazunguka kichwa na kubaki na mikia ya kufunga kidevuni au nyuma ya shingo. Wa 70 kwa 70 unabaki na 99 tu, huo ni wa shingoni, kichwani utakusumbua.

#7 DadaGikomba
Hamjambo huko. Mimi nauza skafu Gikomba, Nairobi, na sikubaliani na fundi hata kidogo. Umbo linasaidia, sawa, lakini mwenye kazi ni uzi wenyewe. Nikifungua belo la skafu ndani mna kila kitu: hariri, pamba, viskosi (uzi unaotengenezwa kutokana na miti), sufu, akriliki (sufu ya bandia), na poliesta nyingi sana. Hizo za mstatili za pamba na za sufu zinakaa vizuri tu kichwani, mshazari au bila mshazari. Na mraba wa satini ya poliesta utateleza hata uukunje vipi.

Wateja wangu wanaojua huanza na pindo. Skafu ya hariri ya maana pindo lake limeviringishwa na kushonwa kwa mkono, ukilipitisha kati ya vidole ni nene na la mviringo, na mishono haiko sawasawa kabisa. Poliesta ya bei ya chini pindo lake ni la mashine, bapa. Baadaye wanageuza nyuma waone rangi imepenya kiasi gani. Mwisho ni moto: unachomoa uzi mmoja, unauwasha.

Pamba na viskosi huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake unalisaga kwa vidole. Poliesta huyeyuka, ikipoa inabaki punje ngumu nyeusi.

#8 Koplo Mstaafu
@DadaGikomba na wewe unakubali mteja aje na kiberiti kwenye meza yako?

#9 DadaGikomba
@Koplo Mstaafu uzi mmoja tu, na nauchomoa mimi. Akija mtu na kiberiti chake namwonyesha njia ya kutokea haha.

#10 MvitaMwana
Salaam kutoka Mombasa. Nyote mmeruka jambo ambalo bibi zetu walilijua: kuosha. Leso mpya ikitoka dukani ina wanga, ngumu, ukijitanda inasimama mbali na kichwa. Kila mwanamke wa hapa anajua huvai leso mpya kabla hujailoweka na kuifua. Ikishafuliwa mara kadhaa inalainika, inalala na mwili, haitoki.

Mtandio wa mtumba umefuliwa na mwenyewe wa kwanza labda miaka kumi. Wanga umetoka, na zile dawa za kiwandani za kulainisha kitambaa ili kivutie dukani zimetoka pia. Wako mpya bado umepakwa. Ufue, uanike, ufue tena, halafu utuambie.

Na kama ni urahisi na matumizi mengi, leso haina mpinzani. Inakaa kichwani, begani, kiunoni, inambeba mtoto na kumfunika akinyonya, na inatandikwa kitandani. Zilitengenezwa hapa hapa Mombasa tangu mwanzo.

#11 Msomi wa Darajani
@MvitaMwana hoja ya wanga naiunga mkono, ila hiyo ya mwisho nairekebisha. Duka la Kaderdina la Mtaa wa Biashara, wale wa "Mali ya Abdulla", lilianza 1887, hilo halina ubishi. Lakini leso nyingi za zamani michoro ilibuniwa huku pwani, uchapaji ukafanywa ng'ambo: India, Uingereza, Uholanzi, hata Japani. Viwanda vya hapa vilikuja baadaye. Urafiki ya Dar, kwa mfano, ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Na kabla ya kanga za kuchapwa, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, wakavikata vitatu vitatu na kuviunganisha pande mbili kupata nguo moja.

Kwa hiyo hata kanga ilizaliwa na skafu za mraba zilizoshonwa pamoja. Fundi atafurahi.

#12 FundiMwenge
@Msomi wa Darajani nimefurahi kweli. Ila kanga ikivaliwa kichwani ni mstatili unaofuata uzi, na inakaa. Hapo naona kazi ni ya pamba na upana wake, ina uzito wa kujishikilia.

#13 DadaGikomba
Ahaa! Kwa hiyo ni uzi, si umbo. Asante fundi.

#14 FundiMwenge
Sijasema hivyo bibie. Nimesema kanga ina uzito. Mtandio mwepesi ndio unaohitaji mshazari.

#15 Sista Duu
Mimi nina pashmina niliyopewa zawadi na haitelezi kabisa. Pashmina ni hariri nzito, kwa hiyo nadhani hariri ndiyo jibu.

#16 MpembaMaskati
@Sista Duu pashmina si hariri dada. Ni sufu ya mbuzi wa milima ya Kashmir na Ladakh, manyoya yake ya ndani, membamba mno kuliko unywele wa mtu. Na hizi zinazouzwa sokoni kwa jina hilo kwa bei ya chipsi kuku ni viskosi au akriliki. Unaweza kuipenda, hakuna ubaya, ila usiifue ukidhani ni sufu, au ukaidhania sufu yako ni akriliki ukaitia maji ya moto.

Nipo Maskati miaka mingi. Huku wanaume wanavaa kilemba cha Kiomani, masar, na zile za heshima ni sufu ya Kashmir iliyodariziwa. Ni mraba, unakunjwa pembetatu kwanza, halafu unazungushwa. Mtu anakifunga asubuhi, anaendesha gari, anakaa ofisini, anarudi nacho jioni, hakuna pini. Kwa hiyo fundi na dada wa Gikomba wote wawili wako kwenye kilemba kimoja: ni mshazari na ni sufu. Ukiniuliza kipi kinafanya kazi zaidi, nasema sufu, maana unywele wa sufu ukiuangalia kwa hadubini una magamba, na magamba hayo yanashikana.

#17 Mtoto wa Gerezani
Hapo kwenye magamba umenifungua macho, shukrani mkuu. Kumbe ndiyo maana sweta la sufu ukilifua vibaya linajikunja na kuwa la mtoto.

#18 MpembaMaskati
Ndiyo hivyo hivyo. Maji ya moto na kusuguliwa, magamba yanakamatana na hayaachiani tena.

#19 Nesi Asha
Nimesoma uzi wote, mzuri sana. Naongeza la afya kwa sababu naliona kazini.

Kwanza pini. Binti anajifunga mtandio mbele ya kioo, pini ipo katikati ya midomo, mwenzake anamchekesha, pini imeingia. Ikienda tumboni mara nyingi hutoka salama, ila ikiingia njia ya hewa ni shughuli ya kuitoa kwa mpira wa kamera. Madaktari wa Uturuki na Misri wameandika sana kuhusu hili. Usiweke pini mdomoni hata kwa sekunde. Ziko pini za sumaku siku hizi, tena hazitoboi kitambaa.

Pili kukaza. Kilemba kikikazwa kila siku sehemu ileile, nywele za mbele, pale kwenye paji na juu ya masikio, hukatika na mwisho hazioti. Ukiona vipele vidogo au kichwa kinauma jioni, kimekaza. Badilisha mahali pa fundo na legeza. Kwa hiyo kabla ya kushindana ni kitambaa gani kinabana zaidi, tujue kubana kuna gharama.

Na kuhusu swali: mimi nadhani ni nywele. Mtu mwenye nywele laini zilizopakwa mafuta, mtandio wowote utateleza. Akisuka twende kilioni, mistari ile inashika kitambaa. BintiMakorora, siku unayovaa ule mpya umesuka au umechana?

#20 BintiMakorora
Dada Asha, yote miwili naivaa wiki hiyo hiyo na kichwa kilekile. Nywele haziwezi kuwa jibu, lakini la pini nimelichukua kwa mikono miwili. Mimi ni mmoja wa wanaong'ata pini.

#21 Koplo Mstaafu
Nimemsomea mke wangu hilo la pini. Amezitema.

#22 Mnyama Mkubwa
Nyie mnahangaika, njooni Kwa Mkapa mechi ya watani mkaone skafu. Elfu sitini ndani, joto la Dar, mtu ana skafu nyekundu shingoni dakika zote tisini na haijamtoka.

#23 Kijani na Njano
@Mnyama Mkubwa haimtoki kwa sababu anaitumia kufutia machozi.

#24 Mnyama Mkubwa
Tukutane Jumamosi.

#25 DadaGikomba
Hahaha. Lakini hata huko kuna somo. Skafu za mpira ni akriliki, na zimefumwa kwa vitanzi kama sweta, tofauti na hizi zetu zenye nyuzi za kusimama na kulala. Kitambaa cha vitanzi kinanyumbuka kila upande. Ndiyo maana mitandio ya jezi, hii ya kitambaa cha fulana, inapendwa sana na wanafunzi: haina pini, haina kofia ya ndani, unaipitisha umemaliza. Kwenye joto la pwani tu ndiyo inachosha.

#26 Skauti wa Nyeri
Niko Nyeri alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, lazima niseme kitu. Skafu ya skauti ni pembetatu, inaviringishwa kuanzia upande mrefu na kubanwa kwa pete mbele. Tunafundishwa kuwa ile si pambo tu. Mtu akivunjika mkono unaifungua, unaining'iniza shingoni mwake, mkono unatulia hadi hospitali. Bandeji ya kwanza, kamba fupi, kichujio cha maji yenye takataka, kifunika uso kwenye moshi. Tanzania nimeona hata viongozi wakifika kwenye ziara huvishwa skafu na vijana.

#27 Nesi Asha
@Skauti wa Nyeri kabisa. Na skafu yoyote ya mraba ya mita moja hivi inafaa kwa kazi hiyo. Kila mwenye skafu kwenye daladala amebeba vifaa vya huduma ya kwanza.

#28 Mtoto wa Gerezani
Tukiwa kwenye usalama, naomba tuzungumzie bodaboda. Mikia ya mitandio na ncha za kanga zinaingia kwenye mnyororo na kwenye spoku. Niliona abiria akivutwa chini barabarani, amekaa upande, mtandio mrefu umening'inia nyuma. Alipona, lakini alichubuka vibaya shingoni. Kabla ya kupanda, zungusha mikia yote, ichomeke ndani ya nguo au ikalie. Na madereva msiondoke kabla hamjageuka kuangalia.

#29 Msomi wa Darajani
Jambo hili ni la kale kuliko bodaboda. Isadora Duncan, mcheza dansi Mmarekani, alikufa hivyo mjini Nice, Ufaransa, Septemba 1927. Skafu yake ndefu ya hariri ilinasa kwenye gurudumu la gari la wazi, Bugatti.

#30 MpembaMaskati
@Msomi wa Darajani safari hii nakurekebisha mimi. Wengi husema Bugatti, lakini lilikuwa Amilcar, gari dogo la Kifaransa la viti viwili, lililokaa chini sana karibu na magurudumu.

#31 Msomi wa Darajani
Amilcar, sawa. Kukaa chini ndiyo hatari yenyewe, kama ilivyo kwa pikipiki.

#32 BintiMakorora
Jamani narudi na matokeo. Nimechomoa uzi mmoja kwenye kila mtandio na kuuwasha kama alivyosema DadaGikomba. Mpya umeyeyuka, ukaacha punje nyeusi. Nilitegemea hilo.

Wa mtumba nao umeyeyuka! Punje ileile. Yaani yote miwili ni poliesta. Mmoja unatulia, mwingine unateleza. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kujisifu ofisini kwamba wangu ni hariri.

#33 FundiMwenge
Uzi ni uleule, umbo tofauti. Mshazari.

#34 MvitaMwana
Uzi ni uleule, mmoja umefuliwa miaka. Kuosha.

#35 DadaGikomba
Ngojeni kidogo wote. @BintiMakorora pitisha ncha ya kidole juu ya ule wa mtumba. Unahisi laini kama kioo au unahisi vichembe vichembe?

#36 BintiMakorora
Vichembe! Si mkwaruzo, lakini si laini. Ule mpya ni laini kabisa.

#37 DadaGikomba
Basi huo wa mtumba ni krepu au joji, huku sokoni tunaita joji tu. Nyuzi zake zimesokotwa kwa nguvu sana kabla ya kufumwa, zingine kulia zingine kushoto, ndiyo maana uso wake una vichembe. Hizo ndizo zinashika nywele na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Wako mpya nyuzi zake hazikusokotwa kiasi hicho, uso umelala. Kwa macho na kwa bei huwezi kuzitofautisha ukiwa na haraka, mpaka uziguse. Uzi mmoja haukuambii hadithi yote, ni namna ulivyosokotwa.

#38 MamaWawili
Nimefanya jaribio lenu. Nina kipande cha shifoni laini, nimekikata mraba 90, nimekunja pembetatu kama fundi alivyoelekeza, nikapika, nikafagia uwanja, nikaenda gengeni. Kilifika mpaka gengeni ndipo kikaanza kurudi nyuma. Kile cha mstatili cha shifoni hiyohiyo kilinitoka nikiwa bado jikoni. Kwa hiyo mshazari umesaidia ila haukumaliza kazi.

#39 FundiMwenge
@MamaWawili ulifunga fundo kidevuni au nyuma? Na mkato wako ulifuata uzi? Ukikata mraba umepinda, mshazari wake hauko sawa.

#40 MamaWawili
Nyuma. Kukata nilifuata mstari wa sakafu hahaha, siwezi kukuapia.

#41 Nesi Asha
Na nywele?

#42 MamaWawili
Nilikuwa nimepaka mafuta asubuhi. Dada Asha unanitafuta.

#43 MvitaMwana
Na kitambaa ulikifua kwanza?

#44 MamaWawili
Hapana.

#45 MvitaMwana
Mnaona? Mimi nyamazeni niseme: jaribio halijakamilika.

#46 Mama Bukavu
Jambo bandugu. Huku Bukavu sisi hatuna shida hiyo kwa sababu kitambala cha kichwa tunakikata kwenye kitenge chenyewe. Mama ananunua yadi 6, yadi 2 za blauzi, 2 za kujifunga, 2 za juu, na fundi akiwa mwerevu anabakiza ya kichwa. Kitenge ni pamba, kina nta kidogo, kikikunjwa kinabaki na mkunjo wake. Unakisimamisha unavyotaka, maua mbele, au unakizungusha chini. Anayejua kukifunga hahitaji pini.

#47 FundiMwenge
@Mama Bukavu umenena. Kwa wanaotaka kilemba cha kitenge kwa bei ndogo: kitenge kina upana wa kama sentimita 115. Nunua mita moja na nusu mpaka mbili, kipasue katikati kwa urefu, unapata vilemba viwili vya upana wa 57 hivi, kimoja chako, kingine cha dada yako. Piga pindo jembamba, ukiliacha wazi litachanika ukifua. Na kabla hujanunua, muulize fundi wako vipande vilivyobaki. Wengi tunavyo mifuko kwa mifuko.

#48 Mwalimu Zuhura
Ombi dogo kwa wanaopenda kufananisha: msione aibu kuiga mtu mnayemwona. Tangu Machi 2021 tunamwona Rais Samia kila siku kwenye taarifa ya habari, mtandio wake umeoana na gauni, haubishani nalo. Na ukiangalia picha za marehemu Wangari Maathai, hata mwaka wa tuzo ya Nobel, 2004, kitambaa cha kichwa kimetoka kwenye kitambaa kilekile cha nguo. Ni njia mbili: mmoja anatafuta rangi inayooana, mwingine kitambaa kimoja. Zote mbili hazihitaji vito vya dhahabu.

Mimi nina yangu ya tatu. Nguo ya rangi moja, skafu yenye maua, na mojawapo ya rangi za maua iwe ndiyo rangi ya nguo. Haijawahi kuniangusha kwenye kikao cha wazazi.

#49 Sista Duu
@Mwalimu Zuhura hiyo ya tatu naichukua. Na kiunoni je? Nina skafu ya hariri (hariri kweli, nimeichoma uzi!) nataka kuipitisha kwenye vitanzi vya suruali badala ya mkanda.

#50 DadaGikomba
@Sista Duu ipitishe, lakini iviringe kwa mshazari ili isikunjamane, na fundo liwe pembeni si mbele ya kitovu. Kuiosha: maji ya baridi, shampuu kidogo, usiikamue, ianike kivulini. Na hata siku moja usiitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inaila hariri na sufu mpaka ziyeyuke.

#51 Mkinga wa Makete
Wakuu, nimesoma kuanzia juu mpaka huku, nyote mko pwani mnazungumzia kuteleza na joto. Mimi mama yangu yupo Makete, Juni na Julai kule asubuhi kuna barafu kwenye majani. Anataka skafu ya kufunika kichwa na shingo anapotoka kwenda shambani alfajiri, isiyoloana na umande na isiyomwasha. Duka moja hapa wameniambia ni sufu tupu kwa 15,000. Niichukue?

#52 MpembaMaskati
Usiichukue bila kuchoma uzi. Ikinuka nywele, 15,000 ni bei ya bure, chukua mbili. Ikiyeyuka, ni akriliki, itamkinga na baridi kiasi lakini usilipe zaidi ya 5,000. Na kwa sababu ya kuwasha, mwekee shingoni mwenyewe hapo dukani dakika tano, au ndani avae kitambaa cha pamba.

#53 Mkinga wa Makete
Shukrani. Kesho naenda, nitamwomba muuzaji auchomoe uzi mwenyewe.

#54 FundiMwenge
Chagua ya mraba, mkuu. Ataikunja pembetatu na haitamtoka akiinama na jembe.

#55 DadaGikomba
Fundi! Sufu haihitaji mraba!

#56 MvitaMwana
Na aifue kwanza.